Maisha ya Harry Ferguson, Mtengenezaji wa Matrekta

Muhula huu nyasi za uwanja wetu wa mpira zilipofika magotini, tuliazimwa trekta la mkulima mmoja wa korosho hapa Tunduru, aina ya Massey Ferguson, pamoja na mashine yake ya kufyekea. Nusu ya uwanja ilikuwa bado haijakwisha, mashine ikakataa kuinuka. Fundi alimwaga mafuta, akafungua kifuniko cha ubavuni, akatuonyesha vali ndogo iliyokwama kwa uchafu. Aliisafisha, akatia mafuta mapya, na mashine ikainuka. Basi nikataka kujua huyo Ferguson alikuwa nani.

Harry Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba, 1884, karibu na mji wa Dromore, kaskazini ya Ireland. Baba yake alikuwa mkulima mwenye watoto kumi na mmoja. Harry hakuipenda kazi ya shamba. Aliacha shule akiwa na miaka 14, na mwaka wa 1902 akaenda Belfast kujifunza ufundi katika karakana ya kaka yake. Alijiundia eropleni, na tarehe 31 Desemba, 1909, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa eropleni katika Ireland.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza chakula kilikuwa haba. Mwaka wa 1917 serikali ilimtuma azunguke mashambani kuwaonyesha wakulima namna ya kutumia matrekta. Huko aliona hatari kubwa. Siku zile plau lilikokotwa nyuma kama tela. Liliponasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu yaliendelea kuzunguka, pua ya trekta ikapanda juu, na trekta zima likapinduka kinyumenyume na kumwangukia dereva. Watu walikufa kwa njia hiyo.

Ferguson alishughulika na jambo hilo kwa miaka mingi. Mwisho alilifunga plau kwenye trekta kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu. Pampu husukuma mafuta, na nguvu ya mafuta huinua mikono ya chini. Plau likikutana na udongo mgumu, mkono wa juu husukuma springi, springi huisogeza vali, na vali huruhusu mafuta yaliinue plau kidogo. Uzito wa plau hulikandamiza trekta, na mkono wa juu huizuia pua isipande. Hivyo trekta jepesi hulima kama zito, na dereva hurudi nyumbani salama.

Trekta lake la namna hiyo lilianza kuuzwa mwaka wa 1936. Mwaka wa 1938 alikwenda Marekani akapatana na tajiri Henry Ford kwa kupeana mikono tu, pasipo hati. Mwaka wa 1947 mjukuu wa Ford aliyavunja mapatano hayo, Ferguson akaenda mahakamani. Kesi ilikwisha mwaka wa 1952, akalipwa dola 9,250,000. Wakati huo matrekta yake madogo ya rangi ya kijivu yalikuwa yakitengenezwa Coventry, Uingereza. Tangu mwaka wa 1946 hata 1956 yalitoka zaidi ya 500,000. Mwaka wa 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris, na baadaye likapatikana jina tulionalo hata leo. Alifariki tarehe 25 Oktoba, 1960.

Wenzangu wanafunzi, mtoto aliyeikimbia kazi ya jembe ndiye aliyewapunguzia wakulima wengi taabu yake. Lakini kazi yake yote hutegemea vali ndogo iliyofichwa ndani ya mafuta. Mchanga kidogo ukiingia, mashine nzima husimama, kama tulivyoona uwanjani. Kwa hiyo atakayepewa trekta kesho na afute kifuniko kabla ya kukifungua, atie mafuta safi kwa chombo safi, na abadilishe mafuta kwa wakati wake. Hivyo ndivyo tutakavyomheshimu fundi huyu.