Ahmad bin Naaman na Merikebu ya Sultana

Katika milima ya Kisii na Nyamira, ambako nafundisha Kiswahili, merikebu ni kitu cha kuonwa katika picha. Gudi lililo karibu nasi liko Kisumu, ambako meli za ziwani hutolewa majini zikatengenezwa. Nawakuta vijana wengi, hata ndugu zetu Waislamu wa mji wa Kisii, wakiamini ya kuwa habari za merikebu ni za Wazungu peke yao, na kwamba sisi watu wa pwani tulikuwa wapagazi tu. Kwa sababu hiyo naona ni wajibu kumkumbuka marehemu Ahmad bin Naaman al-Kaabi.

Bwana huyu, ambaye asili yake ni upande wa Ghuba, alikuwa karani na msiri wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka huo huo iliundwa huko Bombay merikebu yake iitwayo Sultana. Mapema mwaka 1840 alimkabidhi Ahmad merikebu hiyo aende nayo New York, akiwa mjumbe wake.

Ikapakiwa pembe, karafuu, tende, kahawa, sandarusi na ngozi. Wala tusifiche kwamba karafuu hizo zilichumwa kwa jasho la watumwa. Wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakapita St. Helena, na tarehe 30 Aprili wakatia nanga New York. Watu wakajazana kuwatazama wageni wenye vilemba.

Walakini merikebu ilikuwa imechoka. Wasomaji wa pwani wajua kwamba chombo cha mbao hakina adui kama bahari yenyewe. Kalafati hulegea, wadudu hutoboa mbao, kamba na matanga huoza. Dawa yake kwetu ni kungoja bamvua, kukipandisha chombo mchangani, kukiegemeza kwa magogo, kukisugua, kukikalafati kwa pamba na mafuta, kisha kukipaka shahamu na chokaa. Gudi ni akili hiyo hiyo, ila hapana haja ya kungoja maji yapwe. Chombo huingizwa katika birika kubwa, mlango ukafungwa, na maji yakavutwa nje kwa pampu mpaka mkuku ukakaa juu ya magogo.

Ahmad alikuwa ugenini, na mali ya bwana wake imo mikononi mwake. Merikebu ile isipotengenezwa, njia ya kurudi Unguja ilikuwa ya hatari kubwa. Serikali ya Marekani ikaichukua Sultana katika karakana ya jeshi la maji huko Brooklyn, ikaitengeneza kwa gharama yake yenyewe. Gudi la mawe la Brooklyn lilikuwa halijajengwa. Kazi yake ilianza 1841, ikamalizika 1851. Kwa hiyo mafundi wale walifanya kazi bila ya gudi, kama walivyofanya mafundi wetu.

Zawadi za Sayyid Said, zikiwemo farasi wawili na lulu, zilimtia Rais Martin Van Buren katika mashaka, maana katiba ya nchi yake ilimzuia asizipokee kuwa mali yake. Zikawa mali ya serikali. Ahmad naye aliuza shehena, akanunua bidhaa za kurudi nazo, na mchoraji Edward Mooney akamchora. Mwezi wa Agosti aling'oa nanga, na Desemba 1840 akafika Unguja salama. Alifariki mwaka 1869.

Ninachokipenda katika maisha yake ni uaminifu. Alipewa chombo na shehena, akarudi kwa mwenyewe na chombo na bidhaa alizonunua, na chombo kikiwa kizima kuliko kilivyoondoka. Sisi warithi wake tumekabidhiwa nini? Majahazi ya Lamu yangali yakikalafatiwa, lakini maneno kama mkuku na mataruma yanatoka midomoni mwa vijana, na mafundi wazee wanakufa na elimu yao. Chombo kisichopandishwa kikatazamwa chini huja kikazama na mali yake, na elimu ya wazee ni vivyo hivyo. Kila mwenye babu fundi na akae naye, amwulize, aandike.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ahmad bin Naaman. Amin.