John Hanning Speke na Asili ya Mto Nile

John Hanning Speke alizaliwa Uingereza mwaka 1827. Alipopata miaka 17 akaingia jeshi la Bara Hindi.

Siku zile palikuwako London chama cha wataalamu wa habari za nchi, kilichoanzishwa mwaka 1830. Desturi ya mikutano yake ilikuwa hii: msafiri akirudi, husimama mbele ya wanachama, huwasomea habari za safari yake na kuwaonyesha ramani, kisha huulizwa maswali, na mwenye shaka huitoa mbele ya wote. Neno lililowashinda miaka mingi ni asili ya mto Nile.

Mwaka 1856 chama kikawatuma Burton na Speke. Wakatoka Unguja, na mwezi wa Februari 1858 wakafika Ujiji, hali wagonjwa. Burton hakuweza kwenda kwa miguu, na Speke macho yake yaliuma hata ziwa hakuliona vema. Hata hivyo wakapanda mitumbwi, wakaenda kaskazini mpaka Uvira, kuuliza habari za mto Ruzizi. Wana wa mtawala wa huko wakawaambia ya kuwa mto ule huingia ziwani, hautoki. Lakini wageni hawakufika mlangoni pake.

Waliporudi, Burton akabaki Tabora. Speke akaenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa Nyanza. Akachemsha maji, akapima moto wake, maana nchi ikiwa juu, maji huchemka kwa moto mdogo zaidi. Akaona ziwa liko juu futi 3,700 na zaidi, akaamini kuwa ndilo asili ya Nile. Burton hakusadiki, na urafiki wao ukavunjika.

Speke akatumwa tena. Tarehe 28 Julai 1862 akafika karibu na Jinja, akauona mto ukitoka ziwani. Lakini hakuufuata mto wote hatua kwa hatua. Kwa hiyo wenye shaka hawakunyamaza.

Ikaamuliwa wawili hao wahojiane tarehe 16 Septemba 1864, katika mkutano mkubwa wa wataalamu mjini Bath. Siku moja kabla, Speke alikwenda kuwinda. Alipokuwa akivuka ukuta wa mawe, bunduki yake ikalia, ikampiga, akafa. Wataalamu walikutana, wakaletewa habari ya msiba.

Mwaka ule ule Burton akadai kwamba Tanganyika ndilo asili ya Nile, na kwamba Ruzizi hutoka ziwani. Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakaondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mlango wa Ruzizi, wakayaona maji yakiingia ziwani, kama walivyosema watu wa Uvira. Mwaka 1875 Stanley akalizunguka Nyanza, na maneno ya Speke yakathibitika.

Basi, ni vema wenye elimu wakutane na kuhojiana. Lakini mambo ya mto huamuliwa mtoni, na mwenyeji wa mto asikilizwe kwanza.