William Powell: Nyota wa vichekesho aliyebeba majonzi yake kimya kimya

MWAKA 1942 watazamaji wa sinema nchini Marekani walimwona William Powell katika sura ambayo hawakuizoea. Bwana yule mtanashati, mwenye masharubu membamba na ulimi mwepesi wa mzaha, safari hii alikuwa mtu mwenye hofu, asiyejua kama yeye ni mwungwana au mwuaji.

Filamu hiyo, Crossroads, ilitengenezwa na kampuni ya MGM na kuongozwa na Jack Conway. Powell anaigiza kama David Talbot, ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Ufaransa mjini Paris, anayetarajiwa kupelekwa Brazil kuwa balozi. Ana cheo, ana heshima na ana mke mrembo, anayeigizwa na Hedy Lamarr. Kasoro yake ni moja tu: ajali ya treni ya mwaka 1922 ilimfutia kumbukumbu zote za maisha yake ya nyuma.

Ghafla anatokea mtu anayemdai fedha nyingi, akishikilia kwamba jina lake halisi ni Jean Pelletier, mhalifu wa zamani. Shauri linafikishwa mahakamani, na Talbot anaokolewa na shahidi aitwaye Henri Sarrou, anayeapa kwamba Pelletier alikwisha kufa.

Baadaye Sarrou, anayeigizwa na Basil Rathbone, anamwendea Talbot na kumweleza kuwa ushahidi ule ulikuwa wa uongo. Sasa anataka alipwe faranga milioni moja, la sivyo ataitoboa siri. Talbot hana la kujibu, kwa sababu hakumbuki lolote.

Ofisa huyo wa kwenye filamu aliteswa na mambo aliyoyasahau. Powell mwenyewe alikuwa na mengi ambayo angependa kuyasahau.

Alizaliwa Julai 29, 1892, mjini Pittsburgh, na akiwa kijana familia yake ilihamia Kansas City. Baba yake alitaka asomee sheria. Kijana huyo alikuwa amekwisha kuonja jukwaa shuleni, hivyo akamwandikia bibi mmoja wa ukoo aliyekuwa na uwezo, akimwomba mkopo wa kwenda New York kusomea uigizaji. Mkopo ulipatikana, na mwaka 1912 akaanza kazi ya jukwaani.

Alicheza tamthilia kwa miaka 10 kabla ya kuingia kwenye sinema mwaka 1922, katika filamu ya Sherlock Holmes. Enzi hizo filamu hazikuwa na sauti, na waongozaji walimpa nafasi za watu wabaya: walaghai, wasaliti na wezi wa wake za watu.

Sauti ilipoingia kwenye filamu, wengi waliokuwa nyota walipotea. Kwake yeye ilikuwa neema. Sauti yake nzito iliyofunzwa jukwaani ilimpandisha daraja, na mwaka 1929 alipata nafasi ya mpelelezi Philo Vance katika The Canary Murder Case.

Mwaka 1934 ndio uliomweka juu. MGM ilimwunganisha na Myrna Loy katika The Thin Man, filamu ya mafumbo iliyopigwa kwa muda wa wiki chache tu. Wawili hao walikuwa Nick na Nora Charles, mume na mke wanaopeleleza mauaji huku wakitaniana. Watazamaji walipenda kuona ndoa yenye furaha ndani ya filamu ya mauaji, na mfululizo huo ukafikia filamu sita. Kwa jumla Powell na Loy walicheza pamoja filamu 14, na wengi waliamini kuwa ni mume na mke kweli.

Hawakuwa hivyo. Powell alimwoa Carole Lombard mwaka 1931 baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika, na wakaachana mwaka 1933. Hata hivyo walibaki marafiki, na mwaka 1936 walicheza pamoja My Man Godfrey, mojawapo ya vichekesho bora vya wakati huo.

Kisha alimpenda Jean Harlow, nyota kijana wa MGM. Juni 7, 1937, Harlow alifariki dunia kwa ugonjwa wa figo akiwa na umri wa miaka 26. Wakati huo Powell alikuwa akipiga filamu ya vichekesho, Double Wedding. Alizika, akarudi kazini, akaimalizia.

Mwaka uliofuata madaktari walimgundua na saratani ya utumbo, sehemu iliyo karibu na njia ya haja kubwa. Alifanyiwa upasuaji na kutibiwa kwa mionzi, na umma haukuelezwa ni ugonjwa gani. Alikuwa nje ya sinema kwa muda mrefu, hadi aliporejea mwaka 1939 katika Another Thin Man, akiwa bado dhaifu na akipangiwa saa chache za kazi kwa siku. Wale waliokaa kwenye kumbi kutazama hawakuona tofauti yoyote.

Januari 1940 alimwoa mwigizaji Diana Lewis, mwanamke aliyemzidi kwa zaidi ya miaka 25, na ambaye walikuwa wamefahamiana kwa wiki chache tu. Ndoa ambayo wengi hawakuitegemea kudumu ilidumu miaka 44.

Ndipo ukaja mwaka 1942. Januari 16, Lombard alikufa katika ajali ya ndege karibu na Las Vegas, akitoka kuhamasisha wananchi wanunue hati fungani za vita. Alikuwa na umri wa miaka 33. Crossroads, filamu ya mtu anayeandamwa na maisha yake ya nyuma, ilitoka miezi michache baadaye.

Powell aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mara tatu, kwa The Thin Man, My Man Godfrey na Life with Father ya mwaka 1947. Hakuipata hata mara moja. Mwaka 1955, baada ya Mister Roberts, alistaafu akiwa bado anatakiwa na hakurudi tena kwenye filamu. Alihamia Palm Springs, California.

Hata huko msiba ulimfuata. Mwaka 1968 mwanawe wa pekee, William David, aliyekuwa mwandishi wa vipindi vya televisheni, alijiua.

Powell alifariki dunia Machi 5, 1984, akiwa na umri wa miaka 91. Saratani iliyompata miaka 46 nyuma haikuwahi kumrudia. Amezikwa Cathedral City, jirani na Palm Springs, kando ya mwanawe.