Félicité Niyitegeka: Aliyekataa Kuwaacha Wenzake



Kila mwaka wa masomo unapoanza, wazazi na masheikh wetu hutupa wasia uleule: chagueni marafiki. Tangu tukiwa madrasa tumefundishwa mfano wa muuza miski na mfua vyuma. Ukikaa na wa kwanza, hata usiponunua kitu utaondoka unanukia. Ukikaa na wa pili, nguo zako zikisalimika na cheche, moshi hautakukosa. Wasia huo ni wa haki, na sina la kuupunguza. Ila naona wengi wetu tunaufuata nusu. Tunamtazama mwenzetu anayecheza kamari, au yule anayetushawishi kuvusha magendo mpakani, tunasema: huyu nimkimbie. Hatujiulizi upande wa pili: na mimi je, wenzangu wakikaa karibu nami wanaondoka na harufu gani? Na siku ya shida, nitakuwa nani kwao?

Kwa ajili ya swali hilo nimechagua kusimulia maisha ya mama mmoja aliyeishi katika mji wetu huu wa Gisenyi, na aliyeuawa hapa hapa. Hakuwa Mwislamu, alikuwa Mkatoliki, tena mtumishi wa kanisa lake. Lakini dini yetu inatuamuru kusema haki, hata kuhusu mtu asiye wa dini yetu. Haki ni kusema kwamba katika jambo hili la urafiki, mama huyu ametutangulia wengi.

Félicité Niyitegeka alizaliwa mwaka 1934 katika eneo la Butare, kusini mwa nchi, katika familia ya Kihutu. Hakuolewa. Alijiunga na shirika la wanawake wa Kikatoliki waliojitolea maisha yao kwa kazi ya kanisa bila kuwa watawa wa kukaa nyuma ya ukuta. Kazi hiyo ndiyo iliyomleta Gisenyi, akawa anahudumu katika Centre Saint Pierre, nyumba ya kanisa inayopokea wageni. Mtu wa kazi ya namna hiyo hujulikana na watu wengi na yeye huwajua wengi: anayetafuta pa kulala, mwenye njaa, mwenye msiba. Huo ndio ulikuwa mtandao wake wa watu, na aliujenga kwa kuhudumia.

Ili tuelewe alichokifanya, yatupasa kukumbuka ni hewa gani iliyokuwa ikivutwa mjini humu katika miaka yake ya mwisho. Mwaka 1990 lilianzishwa gazeti la Kangura. Mhariri wake alikuwa mwana wa Gisenyi, mwenye jina ambalo mimi na wewe tunaweza kuwapa watoto wetu: Hassan Ngeze. Naliandika jina hilo kwa uchungu, kwa kuwa linatukumbusha kwamba kuitwa jina la Kiislamu hakumkingi mtu na shari. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003 kwa makosa ya mauaji ya kimbari, na rufaa ikamwachia kifungo cha miaka 35.

Desemba 1990, gazeti hilo lilichapisha amri kumi zilizoelekezwa kwa Wahutu. Nilipozisoma nilitarajia kukuta habari za silaha. Nilichokikuta kwanza ni habari za ndoa, urafiki, ajira na biashara. Mhutu aliyeoa Mtutsi aliitwa msaliti. Aliyeshirikiana naye kibiashara, msaliti vilevile. Nikaelewa jambo ambalo darasani lilikuwa limenipita: kabla ya kuua watu, walianza kwa kukata kamba zinazowafunga watu pamoja. Walijua kwamba mtu mwenye rafiki, shemeji na mshirika wa biashara upande wa pili ni mgumu kumgeuza muuaji. Kwa hiyo wakaanza na urafiki.

Kisha waliwapa vijana urafiki mwingine badala ya ule. Interahamwe lilikuwa tawi la vijana wa chama kilichotawala, MRND. Jina lenyewe, kwa Kinyarwanda, linabeba maana ya kushambulia kwa pamoja. Hebu lipime neno hilo, pamoja. Kijana wa umri wetu, asiye na kazi, alipewa wenzake, nyimbo, sare na mahali pa kuhesabiwa kuwa mtu. Wengi hawakuingia wakiwa wauaji. Waliingia kwa sababu jirani ameingia na rika lote limeingia, na anayebaki nje anaitwa mwoga au msaliti. Hivyo ndivyo kundi linavyofanya kazi. Halikwambii siku ya kwanza litakutaka ufanye nini siku ya mwisho.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa Kigali. Kesho yake mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza, na Gisenyi haikusubiri. Watu waliokuwa wakikimbia walielekea kwa wale waliowajua. Baadhi walikwenda Centre Saint Pierre, kwa Félicité, naye akawafungulia. Kutoka hapa hadi Goma, kama tujuavyo sote, ni mwendo wa miguu tu. Leo watu wanavuka kwenda sokoni na kurudi. Siku zile mwendo huo mfupi ndio uliotenganisha uhai na kifo, na yeye aliwasaidia baadhi yao kuvuka. Angeweza naye kuvuka siku yoyote. Alibaki, maana waliokuwa wakija walikuwa bado wanakuja.

Sasa sikiliza sehemu inayonigusa kuliko zote. Félicité alikuwa na kaka yake, afisa wa ngazi ya kanali katika jeshi la wakati ule, kwenye kambi ya Bigogwe, si mbali na hapa. Sisi wanafunzi tukizungumza habari za kufanikiwa maishani, tunasema ni lazima uwe na mtu. Tunamaanisha mtu mkubwa, wa kupiga simu moja na mlango ukafunguka. Yeye alikuwa naye, tena ndugu wa damu. Kaka huyo alipojua hatari iliyokuwa ikimjia dada yake, alimwandikia kumtaka aondoke aokoe maisha yake.

Félicité alimjibu kwa barua fupi. Alimshukuru kwa kumfikiria. Akamweleza kwamba alikuwa na watu 43 mikononi mwake, na kwamba kuliko kujiokoa kwa kuwaacha, amechagua kufa pamoja nao. Akaaga familia yake. Hakumtukana kaka yake, wala hakumhubiria. Alijua tu kwamba nafasi aliyopewa ilikuwa ya mtu mmoja, nao walikuwa wengi.

Tarehe 21 Aprili 1994 Interahamwe walifika kituoni. Waliokuwamo walipakiwa garini wakapelekwa Commune Rouge, kwenye makaburi, ambako wengi wa mji huu waliuawa siku zile. Félicité alikwenda nao. Hata pale, kwa ajili ya kaka yake, aliambiwa kwamba yeye anaweza kuondoka. Alikataa. Aliuawa pamoja na wale ambao hakukubali kutenganishwa nao. Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi.

Leo ni mmoja wa mashujaa wa taifa, katika daraja la Imena, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari. Katika daraja hilo hilo wamo wanafunzi wa sekondari ya Nyange, na siwezi kumaliza bila kuwataja, kwa sababu wao ni rika letu. Tarehe 18 Machi 1997, usiku, watu wenye silaha waliingia shuleni kwao wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa na wengine walijeruhiwa. Kila mmoja wao alikuwa kijana chini ya shinikizo la wenzake, kama wale wa 1994. Lakini safari hii shinikizo liliwavuta upande wa kheri: aliyeogopa aliona jirani yake wa dawati hakusimama, naye akapata nguvu ya kukaa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusiseme kundi ni baya, au kwamba mwema ni yule anayejitenga peke yake. Kundi lilitengeneza wauaji wa Gisenyi, na kundi lilitengeneza mashujaa wa Nyange. Tofauti ilikuwa katika kile ambacho kundi linakudai. Urafiki unaokutaka umwache mwingine, umdharau au umkane ili ukubalike, huo ujue mapema mwisho wake. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kipimo hicho tuanze kwa kujipima nacho sisi wenyewe.

Kwetu hapa chuoni dhiki bado ni ndogo, alhamdulillah. Kuna mwenzetu ambaye kundi la simu linamcheka kila siku, nasi tunaweka alama ya kicheko ili tusionekane wageni. Kuna aliyekosa ada anayeacha kuja msikitini kwa aibu. Kuna asiye wa dini yetu anayekaa peke yake bwenini kwa sababu sisi ni wengi katika chumba. Hakuna anayetudai roho zetu kwa ajili yao. Wanahitaji tu mtu wa kuandika neno moja, kubisha hodi, kusogea kwenye benchi. Asiyeweza hayo leo asitarajie kuyaweza makubwa kesho.

Mwenye nafasi afike Commune Rouge, kwenye kumbukumbu. Aende pamoja na rafiki, na ikiwezekana rafiki asiye wa kundi lake.

Allah atujaalie kuwa marafiki wema kabla ya kututafutia marafiki wema. Amin.