Edward Bouchet, Mwalimu wa Walimu

Tujadilipo mafunzo ya ualimu wa sayansi, aghalabu tunaanza na vifaa na mihtasari. Safari hii tumeona ni vema tuanze na mtu: Edward Alexander Bouchet, Mmarekani Mweusi.

Bouchet alizaliwa mwaka 1852 katika mji wa New Haven. Siku hizo watoto weusi wa mji huo walitengwa, naye alianza masomo katika shule ya chumba kimoja na mwalimu mmoja. Kwa bidii yake alihitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1874, akiwa wa 6 kati ya wanafunzi 124. Mwaka 1876 alitunukiwa shahada ya udaktari katika fizikia, baada ya kuchunguza namna ya kupima kiasi ambacho mwanga hupinda. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata udaktari katika chuo kikuu cha nchi hiyo.

Hata hivyo, vyuo vikuu vya Wazungu havikumfungulia milango. Alikwenda Philadelphia, mji wenye jamii kubwa ya watu weusi, akafundisha fizikia na kemia katika Institute for Colored Youth. Shule hiyo ilitokana na wasia wa Richard Humphreys, muumini wa madhehebu ya Quaker, aliyeacha dola 10,000 ili vijana weusi waandaliwe kuwa walimu. Chini ya mwalimu mkuu Fanny Jackson Coppin, aliyezaliwa utumwani, wahitimu wengi walikwenda kufundisha watoto wa jamii yao. Hivyo, kwa miaka 26, walimu hao watarajiwa walijifunza sayansi kwa bingwa.

Mwaka 1902 wasimamizi wa shule waliyafuta masomo ya juu, wakaelekeza nguvu kwenye mafunzo ya kazi za mikono. Wakati huo wengi waliamini kwamba hayo ndiyo yanayomtosha mtu mweusi. Bouchet aliondoka. Alifundisha St. Louis, na baadaye, kati ya 1908 na 1913, aliongoza shule ya sekondari huko Gallipolis, jimbo la Ohio. Alifariki New Haven mwaka 1918. Kaburi lake halikuwa na jiwe la kumbukumbu mpaka mwaka 1998.

Sisi hatuzidharau kazi za mikono. Kosa lililotendeka ni kumpimia mtoto elimu kwa rangi yake badala ya uwezo wake. Kosa hilo laweza kuingia hata darasani mwetu, pale tunaposema kuwa somo fulani ni zito mno kwa watoto wa mtaa fulani. Kabla ya kutamka hivyo, mwanachuo, yafaa tujiulize kama uzito umo katika akili ya mtoto au katika uchache wa maarifa yetu. Mwalimu aliyekariri huwakaririsha wanafunzi wake; mwalimu aliyeelewa huwawezesha kuuliza.