Mtakatifu Raimundo wa Peñafort na kazi ya kufupisha sheria

Kila tarehe 7 Januari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Raimundo wa Peñafort, padre Mdominiko na msimamizi wa wanasheria wa Kanisa. Mafrateri hukutana na jina lake wanapoanza somo la Sheria za Kanisa, lakini waamini wengi hawamfahamu. Kazi yake iliongoza mahakama za Kanisa kwa karibu miaka 700, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kupunguza maneno.

Raimundo alizaliwa karibu na Barcelona, Hispania, mwishoni mwa karne ya 12. Alifundisha mjini humo angali kijana, kisha akaenda Bologna, Italia, akasoma sheria na kuifundisha. Baada ya kurudi nyumbani alijiunga na Wadominiko mwaka 1222, akiwa tayari mwalimu mwenye sifa. Huko aliandika kitabu cha kuwasaidia mapadre waungamishi. Baadaye kitabu hicho nacho kilifupishwa na wengine, hata kikatungiwa beti ili kikaririwe kwa urahisi.

Tukumbuke hali ya wakati ule. Mnamo 1140, Gratian wa Bologna alikuwa amekusanya sheria za Kanisa katika kitabu chenye sura karibu 4,000. Vitabu viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na nakala kamili ilikuwa ghali mno. Kwa hiyo walimu na wanakili walitengeneza mihtasari: waliacha maelezo marefu, wakabakiza kanuni zenyewe. Aliyeshindwa kupata kitabu kizima aliweza angalau kuwa na kijitabu. Wakati huohuo Mapapa waliendelea kuandika barua za kuamua kesi. Barua hizo zilikusanywa katika mikusanyo mitano, nyingine zikijirudia, nyingine zikipingana.

Mwaka 1230 Papa Gregori IX alimwita Raimundo Roma, akamfanya muungamishi wake, kisha akamkabidhi kazi ya kutengeneza mkusanyo mmoja na kuondoa yaliyozidi. Raimundo aliondoa marudio na mapingano, akaongeza maamuzi ya Gregori mwenyewe, na akazipunguza barua. Tarehe 5 Septemba 1234 Papa aliutangaza mkusanyo huo wenye vitabu 5 na sura 1,971, akaupeleka kwa walimu na wanafunzi wa Bologna na Paris.

Alipunguza nini? Mara nyingi barua ya Papa ilianza na habari za kesi: nani analalamika, dhidi ya nani, na kumetokea nini. Raimundo aliacha sehemu kubwa ya habari hizo, akabakiza uamuzi. Hakimu alipata anachotafuta upesi, na hiyo ilikuwa faida kubwa. Lakini maamuzi mengine yakawa magumu kueleweka, kwa sababu watu waliosababisha yatolewe hawakuonekana tena. Wanafunzi wakarudi kwenye mikusanyo ya zamani, wakanakili yaliyokatwa na kuyaandika pembeni mwa kurasa. Mwaka 1881 Emil Friedberg alichapisha mkusanyo huo huko Leipzig, akiyarudisha maneno yale mahali pake.

Raimundo mwenyewe hakutafuta ukubwa. Alikataa uaskofu mkuu wa Tarragona, akarudi Barcelona. Mwaka 1238 ndugu zake walimchagua kuwa Mkuu wa Shirika. Alizipanga upya katiba zao, na mwaka 1240 akajiuzulu. Miaka iliyobaki aliwahimiza Wadominiko wajifunze Kiarabu na Kiebrania, ili wazungumze na Waislamu na Wayahudi kwa lugha zao. Masimulizi ya kale yanasema aliwahi kuvuka bahari kutoka Mallorca hadi Barcelona akiwa juu ya joho lake. Alifariki tarehe 6 Januari 1275, na mwaka 1601 akatangazwa mtakatifu. Mkusanyo wake uliendelea kutumika hadi Mkusanyo mpya wa Sheria za Kanisa wa 1917 ulipochukua nafasi yake.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kuielewa kazi hii. Neno muhtasari tumelipata kutoka Kiarabu. Enzi zilezile za Raimundo, huko Shamu, Imam Nawawi alikifupisha kitabu cha sheria cha Rafii, akatoa Minhaj al-Talibin, ambacho makadhi wa Zanzibar walikitegemea. Wanazuoni waliomfuata wakaandika vitabu vikubwa vya kuufafanua muhtasari huo. Kwao kama kwetu, ufupisho ulihitaji ufafanuzi.

Sasa tufikirie Mkatoliki anayeishi Vitongoji, kisiwani Pemba, kati ya majirani ambao karibu wote ni Waislamu. Anataka kufunga ndoa na Mwislamu, naye anamwendea frateri aliye likizoni. Ikiwa daftari la frateri lina mstari mmoja tu, kwamba ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa ni batili, atamjibu kuwa haiwezekani, na yule mtu ataondoka, pengine asirudi. Kumbe kanuni ya 1086 ina sehemu ya pili: kizuizi hicho kinaweza kuondolewa kwa ruhusa ya Askofu, iwapo kuna sababu ya haki na masharti ya kanuni ya 1125 yametimizwa. Mkatoliki atangaze yu tayari kuilinda imani yake, aahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki, mwenzake ajulishwe ahadi hiyo, na wote wawili wafundishwe maana ya ndoa. Daftari halikudanganya, lilikata mapema mno.

Ndugu mafrateri, tuandike mihtasari, kwani mtihani unaidai na kumbukumbu zetu ni fupi. Ila mtu akija na shida yake, tufungue kitabu kizima kabla ya kumjibu, na tumsikilize habari yake yote. Nanyi waamini, mkijibiwa kwa neno moja, msiogope kumwomba paroko awaeleze zaidi.

Mtakatifu Raimundo, utuombee.