Raman: Mhasibu aliyegundua siri ya mwanga unaopima joto

WACHIMBAJI wa dhahabu wa Bulyanhulu, wilayani Kahama mkoani Shinyanga, hushuka hadi kina cha takriban kilomita moja chini ya ardhi. Geita nako, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, uchimbaji umekwishaingia mahandakini. Kadiri mtu anavyoshuka ndivyo mwamba unavyozidi kuwa wa moto, na moshi ukitanda ndani ya handaki, dakika chache huamua nani atatoka salama.

Kwa mazingira ya namna hiyo kipo kipimajoto kisicho na zebaki wala kisichopitisha umeme: uzi wa kioo, ndugu wa ule uliomo katika mkongo wa mawasiliano. Kanuni inayouwezesha kusoma joto ina jina la mtu ambaye hakuwahi kuuona ukifanya kazi hiyo.

Chandrasekhara Venkata Raman alizaliwa Novemba 7, 1888 mjini Tiruchirappalli, kusini mwa India, baba yake akiwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Alipata shahada ya kwanza mjini Madras kabla hajatimiza miaka 17. Wakati huo Mhindi aliyetaka kuwa mwanasayansi alitarajiwa kwenda Uingereza, lakini daktari alimzuia kusafiri kwa sababu ya udhaifu wa mwili wake. Mwaka 1907, akiwa na miaka 18 tu, akaajiriwa kuwa mhasibu katika idara ya fedha ya serikali ya kikoloni na kupelekwa Calcutta.

Kwa miaka 10 aliishi maisha mawili. Mchana alikagua vitabu vya hesabu; alfajiri na jioni alijifungia katika maabara ya chama cha kukuza sayansi cha mji huo, ambayo kabla yake haikuwa na watu wengi wa kuitumia. Mwaka 1917 alipopewa uprofesa wa Chuo Kikuu cha Calcutta, aliacha kazi ya serikali na kukubali mshahara mdogo zaidi. Si wengi wangethubutu.

Mwaka 1921, akirejea kwa meli kutoka Uingereza, alivutiwa na ubuluu wa bahari ya Mediterania. Lord Rayleigh, mwanafizikia aliyeheshimiwa kote, alikuwa ameeleza kwamba rangi hiyo ni taswira ya anga tu. Raman, akiwa bado melini, aliuondoa mng'ao wa juu ya maji kwa kipande maalumu cha fuwele alichokuwa nacho. Ubuluu ukabaki palepale. Maji yenyewe yalikuwa yakitawanya mwanga.

Swali hilo halikumwacha. Februari 28, 1928, yeye na msaidizi wake K.S. Krishnan walithibitisha kwamba mwanga ukipita katika kitu, sehemu yake ndogo mno hutoka na rangi iliyobadilika. Molekuli hutetemeka bila kukoma. Mwanga huo ama huziachia nguvu kidogo, ama huchukua nguvu kutoka kwao. Kitu kikizidi kupata joto, mwanga unaochukua nguvu huongezeka.

Mwaka 1930 akatunukiwa Nobeli ya fizikia, Mwasia wa kwanza kuipata katika sayansi. Krishnan hakujumuishwa, na wanafizikia wa Moscow, Landsberg na Mandelstam, walioona jambo hilohilo mwaka 1928, waliachwa pia. Wapo wanaoona hadi leo kwamba haki haikutendeka.

Mwaka 1933 Raman alihamia Bangalore, ambako alivutwa zaidi na almasi, mawe yaleyale ambayo John Williamson angeyagundua Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Alikusanya mamia. Hata hivyo, katika mabishano yake na Max Born kuhusu mitetemo ya atomi ndani ya mawe kama hayo, historia ilimpa ushindi Born, na Raman hakukubali kushindwa.

Alifariki dunia Novemba 21, 1970. Mwaka huohuo kampuni ya Corning ya Marekani ilitangaza uzi wa kioo ulioweza kufikisha mwanga mbali bila kufifia mno.

Katika miaka ya 1980 wataalamu nchini Uingereza waliviunganisha vitu hivyo viwili. Mwale wa leza hutumwa ndani ya uzi kwa kishindo kifupi. Mwanga kidogo hurudi: rangi zake hueleza joto, na muda uliotumika kurudi hueleza joto hilo liko mita ya ngapi. Uzi mmoja husoma kilomita kadhaa za handaki au kisima cha mafuta, na hauwezi kutoa cheche.

Ganda la plastiki la uzi wa kawaida wa simu huanza kuharibika joto likipita takriban nyuzijoto 85. Kwa sehemu zinazofikia nyuzijoto 700, uzi huo huvikwa utando mwembamba wa dhahabu.